Shujaa Havuki Busia Bila Stakabadhi

Ukishajulikana kijijini kwamba unasoma gazeti mpaka ukurasa wa matangazo ya vifo, umekwisha. Utaandikia watu barua za kuomba basari, utaletewa wewe maandishi ya chupa ya dawa ya ng'ombe ueleze ni kijiko au ni kizibo, na siku moja dada yako atakuja na ombi lisilo kichwa wala miguu. Wangu wa Nambale ameniletea lake: nimpendekezee mwanawe vitabu vipya vya katuni vya mashujaa, wale wa kupaa na kuinua magari. Kijana yuko Gredi ya Sita na hataki tena kusikia habari za sungura na fisi. Ati sungura ni wa watoto.

Mimi umri wangu ni wa kuumwa mgongo. Kwa nini mambo ya watu wanaovaa chupi juu ya suruali yaletwe kwangu?

Nikaenda mjini Busia, kwenye duka la vitabu. Lilikuwa na vitabu vya shule, madaftari, gundi, rula na kadi za harusi. Nikaulizia vitabu vya mashujaa. Muuzaji akanipa kitabu cha Masomo ya Jamii chenye picha ya Dedan Kimathi. Nikamwambia sina neno na Kimathi, lakini nataka wale wa kupaa. Akamwita mwenzake aliyekuwa nyuma akihesabu kalamu. Yule mwenzake akanitazama kwa huruma, akauliza kama ni vitabu vya dini.

Kwenye simu vipo, tena tele. Ila ukijumlisha bei ya kitabu na ya kukisafirisha, unakaribia jogoo wawili wa kienyeji wazima. Sasa nendeni Bukhayo yote, kuanzia Matayos mpaka Nambale, mnitafutie mzee atakayetoa jogoo wawili apewe kurasa mia za mtu anayeruka.

Hata hivyo nimefanya kazi niliyopewa, maana dada yangu hupiga simu mara mbili kwa siku. Nimesoma, nimeuliza vijana, nimetazama vipande kwa bando langu mwenyewe. Na malalamiko yangu ya kwanza ni kuhusu huyu Superman. Walimwanzisha vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, mwaka 1938. Mwaka 2011 wenye mali wakaamua kumvua ile chupi ya nje, ikazuka kelele, na mwaka 2018 akarudishiwa. Miaka saba watu wazima, wenye familia na mikopo, wakibishana kuhusu chupi ya mtu asiyekuwepo! Halafu sisi tukibishana kuhusu mpira tunaambiwa hatuna kazi.

Malalamiko ya pili ni kwamba nguvu zao hazitufai huku. Mchukue huyo Superman umlete Malaba alfajiri, foleni ya malori imeanzia mpakani na mwisho wake hauonekani. Atainua lori, tena bila jasho. Halafu? Lori lina mzigo, mzigo una stakabadhi, stakabadhi inangoja muhuri, na mwenye muhuri ametoka kidogo kunywa chai. Hapo hata ukiwa na macho ya kuyeyusha chuma utakaa kwenye kivuli cha lori na turnboy, mkimenya ndizi mbivu. Busia tulijengewa kituo cha pamoja, wakaja Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni kukizindua mwaka 2018, na ni kweli kwamba sasa unasimama upande mmoja tu badala ya miwili. Lakini kupaa juu yake bila kugongewa muhuri, hilo bado ni kosa la uhamiaji.

Kundi jingine la mashujaa, Wana-X, wao wana Profesa Xavier, mwenye kiti cha magurudumu, aliyetokea mwaka 1963. Msomi sana, anasoma mawazo ya watu. Sawa. Hapa Busia tuna watu wenye ulemavu wa miguu ambao kwa miaka mingi wamevusha bidhaa mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu, wakiziendesha kwa mikono, mzigo umepanda mpaka mwendeshaji haonekani. Xavier husukumwa. Na mawazo ya askari wa getini hawa wetu waliyasoma kitambo, bila masomo ya ziada.

Niliyemfurahia ni mwenzao Storm. Huyu alitokea mwaka 1975, anaamuru mvua, radi na upepo, na mama yake, N'Dare, ni Mkenya. Wamarekani wanamshangaa! Wangeuliza Bunyore, mwendo mfupi tu kutoka kwetu, wangeambiwa kuhusu ukoo wa Nganyi, wanaojulikana kwa mvua tangu enzi za mababu, hadi wataalamu wa hali ya hewa wa serikali wakaenda kukaa nao walinganishe utabiri. Tofauti ni kwamba wazee wa Nganyi hawavai joho linalopepea, na ukienda kwao kuomba mvua huendi mikono mitupu. Storm anafanya bure. Ndiyo maana nina shaka naye kidogo.

Dada yangu asidhani sisi tulilelewa kwa sungura peke yake. Kaka zetu wakubwa walikuwa na Lance Spearman, tuliyemwita Spear, kwenye yale magazeti ya Drum ya miaka ya 60 na 70, ya picha za kamera badala ya kuchorwa. Kofia kichwani, sigara mdomoni, ngumi mkononi, na hakuna aliyeuliza anafanya kazi wizara gani. Kisha miaka ya 1980 Terry Hirst akatuletea Pichadithi, ngano zetu wenyewe zikiwa katuni. Mle ndimo nilimkuta Lwanda Magere, mwili wa jiwe, mkuki unamgonga unapinda, mpaka siri ya kivuli chake ilipotoka kwa mke. Waswahili wa pwani nao wana Fumo Liyongo, hashindiki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe wa kuzaa. Hao ndio mashujaa ninaowaelewa. Hawamalizwi na mtu kutoka sayari nyingine. Wanamalizwa na jamaa wa nyumbani.

Basi mapendekezo, kabla simu haijalia tena.

La kwanza ni Shujaaz, japo si jipya sana. Lilianza mwaka 2010, likitolewa bure ndani ya gazeti la Jumamosi na kwenye vibanda vya M-Pesa, na mwaka 2012 likapata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Shujaa wake, DJ Boyie, hapai. Amemaliza shule, hana kazi, na kutoka chumbani kwake anaingilia masafa ya redio kwa mtambo alioutengeneza mwenyewe. Limeandikwa kwa Sheng, na dada yangu, ambaye ni mwalimu, hununa akisikia. Lakini ndilo peke yake ambalo mpwa wangu amelisoma bila kusukumwa, na alilisoma ukutani. Jikoni kwa mama yangu kumebandikwa magazeti ya zamani kuzuia vumbi la udongo, na kurasa za Shujaaz ziko kati ya kalenda na tangazo la mbegu. Likizo ya Aprili kijana alisimama pale, shingo ameipinda kwa sababu ukurasa mmoja ulibandikwa kichwa chini, akasoma jinsi ya kupaka vifaranga rangi ili mwewe asivitambue.

Asubuhi yake kukhu, yaani bibi yake, alifungua banda, vikatoka vifaranga vya zambarau. Kijana alikosa rangi ya chakula, akatumia ile dawa ya kupaka vidonda. Mama yangu hakupiga kelele. Alifunga banda polepole, akamwita jirani, wakafungua tena wakiwa wawili. Jirani akashauri waitwe watu wa maombi. Mwewe kweli hakuonekana wiki ile, nasema haki ya Mungu, ila kuku mwenyewe naye alivikataa wanawe, akavikodolea macho mpaka giza lilipoingia na rangi ikaacha kuonekana.

Kwa hiyo nasema Shujaaz ni kitabu kizuri, ila kibandikwe juu.

La pili ni Iyanu, cha Mnaijeria Roye Okupe, kilichoanza kutoka mwaka 2021. Msichana yatima katika nchi iliyofinyangwa kutokana na Wayoruba anagundua ana nguvu za zamani zilizosahaulika. Nilipenda kwamba kuna mama mlezi anayemfundisha historia, na msichana anasikiliza. Nimemwekea mpwa alama hapo penye kusikiliza. Kwezi, cha Loyiso Mkize wa Afrika Kusini, kilichotoka mwaka 2014, kina kijana mwenye nguvu na majivuno ya kupindukia. Hicho kisubiri. Majivuno tunayo ya kutosha.

Wasioweza kununua wana Super Sema, katuni ya video ya mwaka 2021 ambayo Lupita Nyong'o ameshiriki. Msichana wa miaka kumi anapambana na roboti dhalimu kwa sayansi na ubunifu. Haina malipo. Wanaosema haina malipo hawajawahi kununua bando.

Na kwa wadogo zaidi kuna Dog Man, cha Dav Pilkey, kilichoanza mwaka 2016: polisi na mbwa wake wanalipukiwa na bomu, daktari anashona kichwa cha mbwa kwenye mwili wa polisi, na kazi inaendelea. Nilimsimulia mzee mmoja wa boda pale stendi. Akafikiri, akauliza ni kituo gani, maana yeye polisi anayebweka anamfahamu, ila alidhani amezaliwa hivyo.

Nikampelekea dada orodha hii Jumapili. Akaisoma yote, akasema, "Asante, ndugu yangu. Sasa utamnunulia kipi?" Kumbe kupendekeza ndiko kununua! Nikajitia hamnazo, nikamwita kijana aniambie mwenyewe anachotaka.

Hakutaka chochote. Alikuwa chini ya mwembe na wenzake wawili, wanachora nyuma ya kalenda za mwaka jana. Akanionyesha. Shujaa wao anaishi Burumba, ana baiskeli, na nguvu yake ni kwamba akipita njia za panya na sukari ya Uganda hakuna anayemwona. Adui yake mkuu ni bibi mmoja mwenye fimbo, ambaye anamwona. Bibi alichorwa na leso ya mama yangu, maua yale yale, hata pale ilipotoboka.

Nikavaa uso wa mjomba. Nikamweleza kwamba shujaa mwema hupita kituoni mchana kweupe, hutangaza mzigo wake, hulipa ushuru na hupewa risiti.

Wakatazamana.

"Sasa Anko," akaniuliza kwa adabu kabisa, "hiyo nani atasoma?"