Vanishi na Kumbikumbi

Voi ni mji wa vumbi jekundu. Hata ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa sababu yake, na hakuna anayewapigia deki. Watu wenye busara humwaga saruji, wakaipaka rangi nyekundu, vumbi likiingia halijulikani. Sisi tulipanga nyumba kuukuu karibu na reli ya zamani, sebuleni sakafu ya mbao, na mume wangu akaapa kuing'arisha.

Fundi wa kwanza alisema mbao zile ni mvule. Wa pili, mninga. Wa tatu alizigonga kwa kidole, akanusa, akatangaza ni mkangazi, na bei ikapanda papo hapo. Tukamchukua wa kwanza.

Misumari huzamishwa kwanza, la sivyo itararua msasa. Kisha mashine hupita na namba 40, 80, halafu 120, ikifuata nyuzi za mbao. Ukizikata kwa mshazari, mikwaruzo hujificha hadi vanishi ipakwe, ndipo hujitokeza yote. Haya yote fundi aliyajua. Asilolijua ni saa ya stima kukatika. Mashine ya kukodi kwa siku ikakaa katikati ya sebule kama mgeni anayesubiri chai, na kodi yake inahesabika.

Stima iliporudi, msasa ukaisha. Halafu madirisha. Kuyafunga mchana wa Voi ni kujioka. Kuyafungua ni kuialika Tsavo nzima ndani. Fundi akaamua vanishi ipakwe jioni, upepo ukitulia. Ilikuwa Novemba, na alasiri hiyo mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha, vumbi likalala. Tukamshukuru Mungu. Stima ikakatika tena; fundi akamaliza kwa mwanga wa simu, akatoka kinyumenyume hadi mlangoni.

Stima ikarudi.

Taa ya sebule ikawaka, madirisha yote wazi, na swichi iko ukuta wa ng'ambo, upande wa pili wa vanishi mbichi. Swichi kuu imo kwenye kisanduku cha mita. Ufunguo anao mwenye nyumba, na mwenye nyumba anaishi Mwatate. Mvua ya kwanza huwatoa kumbikumbi kichuguuni, na mwanga huwavuta. Wakaja. Kila mmoja alitua, akazunguka, akaacha mbawa zake nne zimeganda pale pale. Na hawa si wageni wa kupita: ni mchwa wanaotafuta wachumba na mahali pa kuanzisha maisha. Kwetu walikuta mbao zimeshapigwa msasa.

Jirani, mzaliwa wa Bungoma, alifika mbio na sufuria. Akachungulia, akavuta harufu ya tina, akatikisa kichwa.

"Shemeji, mmewaharibu."

Asubuhi fundi alipiga magoti mlangoni, akabandua bawa moja kwa ukucha, akaliinua juani.

"Tuanze na namba 40," akasema.

Juma lililofuata shangazi aliteremka kutoka Wundanyi. Aliisifu sakafu sana, akavua viatu kwa heshima, kisha akafungua zawadi yake: zulia la plastiki, la kutosha sebule nzima.