Gari Lililokabwa na Usumba

Nyumbani kwetu Chumbageni hatujawahi kugombania rangi ya gari. Tunagombania kinywaji chake. Corolla yetu ya petroli ilipokata roho njia ya Segera, na fundi akasema injini ile imebaki kuzikwa tu, kila mwanafamilia alijitokeza na mafuta yake mkononi, kama waganga waliosikia mgonjwa ana pesa.

Pesa zenyewe zilikuwa za mama mkwe, kutokana na minazi yake ya Pangani. Kwa hiyo kikao kilikaa barazani kwake baada ya Isha, na kahawa akaipika mwenyewe ili isije ikasemwa kwamba hakutukirimu kabla ya kutukatalia.

Baba watoto akafungua na dizeli. Injini ya dizeli, alisema, haihitaji plagi ya kuwasha mafuta. Inaibana hewa mpaka hewa yenyewe inapata moto wa kuyawasha, na lita yake inakwenda mbali. Ipe mzigo pale Mombo, itakupandishia mpaka Lushoto. Akafika hadi kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, ambako injini ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga.

"Kwa hiyo tukikosa dizeli utaimiminia mafuta ya nazi zangu?" mama mkwe akauliza.

"Hapana mama, injini za siku hizi nozeli zake ni laini mno."

"Sasa hizo karanga umezileta za nini?"

Ukweli usemwe, hatuna mzigo wa kupandisha Lushoto. Mara ya mwisho tulikwenda kuhani, na mzigo ulikuwa kapu moja la machungwa ya Muheza. Ila mume wangu ni mwalimu wa jiografia mwenye ndoto ya biashara ya mazao, na ndoto hiyo, kichwani mwake, inanguruma kwa dizeli. Mama mkwe naye ana kisa na dizeli. Enzi zile watu walipokuwa wakiichakachua kwa mafuta ya taa, EWURA ikaanza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili wachakachuaji wasione faida. Faida hawakuiona, na jiko la mchina la mama mkwe likalala. "Nimepikia kuni mimi kwa sababu ya dizeli zenu," alisema, na hoja ikafia hapo.

Shemeji, aliyekuja kutoka Dar kwa ajili ya Idi, alikuwa mtu wa gesi. "Shemeji, sisi wenzenu tumeshahama." Hakudanganya. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kutumika 2004. Bomba la kutoka Mtwara likafunguliwa 2015, na leo teksi na bajaji nyingi za Dar zimefungwa mitungi. Mama mkwe akataka kujua kama mtungi wake wa jikoni ungefaa. Shemeji akamweleza kwamba ule wa jikoni una gesi ya kimiminika, isiyohitaji mgandamizo mkubwa, lakini ile ya magari ni gesi asilia iliyoshindiliwa kwa mgandamizo wa baa 200 hivi, ndani ya mtungi mzito unaokula nafasi ya buti.

"Na hapa Tanga bomba hilo linapita wapi?"

"Limeishia Dar, mama. Lakini mkija Dar mnajaza."

"Kilomita mia tatu na hamsini, kwenda kujaza?"

Shemeji akaomba kahawa nyingine.

Mjomba alishauri tusinunue kitu, tusubiri Chongoleani. Bomba la kilomita 1,443 linatoka Hoima, jiwe la msingi limewekwa tangu 2017, mafuta yatatufikia mlangoni. Kijana wetu mkubwa akamjibu kwa adabu kwamba yale ni mafuta ghafi, yanayoganda hadi bomba lipashwe moto njia nzima, na yakifika yatapakiwa melini yaende nje. "Hata kidogo yatakayomwagika?" mjomba akauliza. Mimi nilikuwa na mkonge wangu: nyuzi ni asilimia chache tu za jani, mengine yote yanatupwa, na kule Hale yalishafanywa gesi ya kuzalisha umeme. Nikasema iko siku magari ya Tanga yatatembea kwa makapi hayo. Kashata ikapitishwa.

Kijana ndiye aliyeshinda. Haibridi, alisema, inakunywa petroli ile ile ya kila kituo, haichomekwi ukutani, na kila ukikanyaga breki mota inageuka jenereta na kujaza betri. Wajapani wanayatengeneza kwa wingi tangu Prius ya 1997, si jambo la jana. Bibi yake akamtazama. "Mume wangu kasema," akatangaza, na pesa zikatolewa.

Gari lilikuja dogo, jeupe, limetumika Japani, na maandishi yote ya dashibodi yako kwa Kijapani. Mjini lilikuwa tulivu kiasi kwamba mbuzi wa jirani walikuwa hawaondoki njiani mpaka waguswe. Mafuta yalishuka karibu nusu. Baba watoto alikubali matokeo kwa shingo upande. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA ikitangaza bei kikomo, alizisoma kwa sauti, na dizeli ikiwa chini ya petroli hata kwa shilingi kumi, aliirudia.

Kisha likaja suala la nazi. Mama mkwe alivuna, akazifua nusu nusu kwa haraka ya kuwahi soko, na viroba vilivyojaa tukavibana kiti cha nyuma, na yeye mwenyewe katikati yake. Tulipokaribia Kigombe, dashibodi ikawaka pembetatu nyekundu na mstari mrefu wa Kijapani. Gari likanywea, likasimama juani.

"Linasema nini?" mama mkwe akauliza.

"Linataka dizeli," baba watoto akajibu.

Likaja Canter lililokuwa likirudi tupu. Kamba ya katani ikafungwa. Kijana, tuliyempigia simu, akapiga kelele mpaka nikaisogeza mbali na sikio: msilivute! Magurudumu ya mbele yameunganishwa na mota. Ukiyaburuza yanafua umeme hata gari likiwa limezimwa, na unaweza kuunguza mfumo mzima. Basi Canter likarudi nyuma hadi kwenye tuta, wavuvi wakakusanyika, tukalisukuma gari letu likapanda juu ya Canter. Mama mkwe alipatana nauli, nusu taslimu nusu nazi. Baba watoto akakaa mbele na dereva. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni: amefumba macho, anasikiliza injini.

Gereji, fundi alivaa glovu kwanza, kwa kuwa betri ile kubwa ina volti zaidi ya mia na nyaya zake za rangi ya chungwa hazishikwi ovyo. Akanyanyua kiti cha nyuma. Pembeni yake chini kuna tundu lenye wavu, linalovuta hewa ya ndani ya gari kuipoza betri. Kiroba kilikuwa kimeliziba, na kabla ya kuliziba, feni ilikuwa imevuta usumba wa nazi. Aliutoa kwa koleo ndogo, nyuzi baada ya nyuzi, za kahawia, zimejisokota kwenye mapanga ya feni mpaka hayazunguki. Betri ilipata joto, gari likajizima kujilinda. Hakuna kilichoungua. Alipuliza kwa kompresa, akafuta ujumbe, akatoza pesa ya kusafisha tu.

Mama mkwe aliomba aonyeshwe tundu lenyewe. Aliinama, akalitazama kwa muda, akaniuliza kwa nini watu wenye akili ya kutengeneza gari la petroli na umeme waliweka pua yake pale ambapo mtu angeweka nazi.

Sasa viroba vinasafiri kwa Canter lile lile, na baba watoto husindikiza mzigo bila kuombwa. Wiki iliyopita alirudi na habari kwamba mwenye Canter anataka kuliuza. Nozeli zake nzima, pampu yake nzima, kwa neno la dereva. Mama mkwe hajakataa. Amesema hatoi hata senti mpaka aambiwe tundu lake liko wapi.