Mwongozo wa Kuishi Vibaya na Kivimbe cha Milimita 4

Umeanguka na pikipiki, ndugu zako wakakuvusha mpaka wa Kasindi hadi Kampala, ukapigwa picha ya kichwa. Mfupa mzima. Lakini kwenye mshipa mmoja wa ubongo kimeonekana kivimbe cha milimita 4, na daktari amesema, "Hiki tutakiangalia tu." Umerudi Kipese, Lubero, na bahasha mkononi. Ukitaka kivimbe hicho kikutawale, fuata maagizo haya.

Kwanza, amini kwamba daktari amekuficha. Ukiambiwa kuwa watu wazima 3 hivi kati ya 100 wanacho, na wengi watakufa kwa uzee bila kukijua, sema hao si wa ukoo wenu.

Pili, zidharau hesabu za watafiti wa Kijapani. Mwaka 2012 walitoa habari za wagonjwa 5,720 wenye vivimbe vya namna hiyo: vivimbe vya milimita 3 hadi 4 vilipasuka kwa asilimia 0.36 kwa mwaka, yaani 4 hivi kati ya 1,000. Jiandikishe mapema katika hao 4. Wale 996 ni watu wa bahati, nayo bahati tangu lini ikapanda milima ya Lubero?

Tatu, uza shamba la viazi, urudi Kampala kudai matibabu leo leo. Ukielezwa kwamba kukiziba kwa kupitia ndani ya mshipa huleta madhara kwa wagonjwa 5 hivi kati ya 100, na kufungua fuvu kwa 8 hivi, jibu kwamba pesa unazo.

Nne, meza dawa za tansio (shinikizo la damu) siku unazojisikia vibaya tu, kisha uvute sigara ili kutuliza hofu. Katika yanayochochea kivimbe kupasuka, umri huwezi kuurudisha, wala mahali kivimbe kilipoota huwezi kupahamisha. Tansio na sigara ndivyo vilivyo mikononi mwako, kwa hiyo hapo ndipo pa kukosea kwa bidii.

Tano, picha ya kurudia iache. Barabara ni mbaya, na kivimbe kikikua bila shaka kitabisha hodi.

Sita, kila kichwa kikiuma baada ya pombe ya kasikisi, ita ukoo mzima waje kukuaga. Ila siku maumivu yatakapokupiga ghafla, makali kuliko yote uliyowahi kuyajua, ukatapika na shingo ikakakamaa, meza parasetamoli ulale hadi asubuhi.

Mzaha uishie hapo. Maumivu ya namna hiyo yanaweza kuwa damu inayovuja ubongoni: mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile, na anayempeleka aseme wazi kwamba kichwani kuna kivimbe. Siku nyingine zote, pima tansio kwenye kituo cha afya, meza dawa kama ulivyoandikiwa, acha sigara, rudia picha kwa tarehe uliyopewa. Na shamba usiliuze.