Sifa za Injini Isiyowaka Alfajiri

Injini ya pikapu kuukuu inastahili heshima ambayo haijawahi kupewa. Vitabu vya ufundi huieleza kwa kuhesabu maradhi yake, wenye magari mapya huicheka, na mpangaji wa ghorofa ya tatu pale Joubert Park, katikati ya Johannesburg, huilaani saa kumi na moja alfajiri inapokataa kuwaka kwa mara ya nne. Wote hao wanaionea. Hakuna chombo kingine kinachomfundisha mwenyewe fizikia, kemia, subira na ujirani kwa karo ya lita moja ya oili kwa wiki.

Mbora wa ukoo huu ni Nissan 1400, bakkie (yaani pikapu) ndogo iliyoundwa Rosslyn, nje ya Pretoria. Ilianza mwaka 1971 kwa jina la Datsun 1200, ambalo wazee wa Kenya nao wanalikumbuka vizuri, ikapewa injini kubwa zaidi mwaka 1980, kisha ikaendelea kutoka kiwandani hadi 2008 bila kubadilika sana. Injini yenyewe, A14, ina silinda nne, ujazo wa sentimita 1,397 za ujazo, bloku ya chuma cha kusubu na silinda hedi ya aluminiamu. Haina kompyuta, kwa hiyo katika biashara nzima ya gari hili mwongo hawezi kuwa mwingine ila aliyeliuza.

Fadhila yake ya kwanza ni kwamba inajua mahali ilipo. Johannesburg iko takribani mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Kabureta lakini haina habari hizo: kama jeti zake ni za pwani, humimina petroli kana kwamba bahari iko mtaa wa pili. Petroli ikizidi hewa, bomba hutoa moshi mweusi, plagi huvaa masizi, na gari hupanda kuelekea Hillbrow kwa mwendo wa maandamano ya arusi. Dereva wa Nairobi aliyenunua pikapu Mombasa anayajua hayo bila kusimuliwa. Dawa ni jeti ndogo na taimingi iliyosogezwa mbele kidogo, na dawa hiyo hiyo huwa sumu siku gari linapoteremka hadi Durban, maana kule hewa ni nzito, mchanganyiko unakauka, na injini inaanza kugonga mlimani. Gari la kisasa hupita mikoa yote hiyo bila kumwambia dereva lolote. A14 humtaka asimame, ashuke, afungue boneti na kukumbuka jiografia.

Plagi ndiyo cheti cha daktari. Ikifunguliwa ikiwa na rangi ya hudhurungi isiyokolea, mambo ni mazuri. Nyeusi na kavu: petroli imezidi. Nyeusi na yenye mafuta: ringi za pistoni au sili za vali zimechoka, na moshi wa nyuma utakuwa wa bluu. Nyeupe: injini inakula hewa kupita kiasi na inaungua. Hospitali nyingi hazitoi majibu kwa haraka hivyo.

Sifa kubwa zaidi, na isiyoeleweka kabisa, ni kelele. Dereva mgeni akisikia tapeti zinalia hukimbilia kwa fundi aambiwe lini atakufa. Fundi mzoefu hutabasamu. Nafasi ya vali katika A14 ni milimita 0.35 injini ikiwa moto, na hupimwa kwa fila. Ikiongezeka kidogo, tapeti hulia, lakini vali inafunga barabara. Ikipungua hadi kuisha, kelele hunyamaza, vali haikai tena kwenye kiti chake, gesi ya moto hupenya pembeni, na vali ya ekzosi huungua kimyakimya. Tatizo hili liliongezeka kwa injini za zamani zenye viti laini vya vali baada ya Afrika Kusini kuondoa petroli yenye risasi mwaka 2006, kwa sababu risasi ndiyo iliyokuwa ikivilinda viti hivyo. Kiti kinaliwa, vali inazama, nafasi inafumba. Injini inayopiga kelele, basi, inatangaza uzima wake mtaa mzima, na mpangaji wa ghorofa ya tatu angepaswa kushukuru.

Kuchemsha nako kuna elimu yake. Kwa mwinuko wa Johannesburg maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi, si 100. Kinachookoa ni kifuniko cha rejeta: kikishika presha ya baa 0.9, kiwango cha kuchemka hupanda hadi karibu nyuzi 115. Kipete cha mpira ndani ya kifuniko hicho kikipasuka, kinga yote hutoweka, na mwenye gari hununua pampu ya maji, kisha feni, kisha rejeta nzima, kabla ya kufikia kile kipande cha bei ya chakula cha mchana. Ni mpangilio mzuri sana kwa wauza spea. Wako pia mafundi, kutoka Kariakoo hadi Johannesburg, wanaotibu kila joto kwa kung'oa thamostati na kuitupa. Hapo injini haipati moto wa kutosha, hasa asubuhi za Juni na Julai ambapo baridi ya Johannesburg hufika sifuri. Petroli isiyoungua hushuka kwenye oili, na mvuke huganda chini ya kifuniko cha oili kama povu la rangi ya maziwa. Povu hilo hilo huonekana gasketi ya silinda hedi inapokufa, maana aluminiamu ikichemshwa sana hupinda. Kuna hukumu mbili kwa ushahidi mmoja, na mwenye gari mwenye busara huangalia kwanza kama maji ya rejeta yanapungua.

Kwa upande wa umeme, injini ya pointi ni shirika la umma. Pointi huachwa wazi karibu nusu milimita. Zikichakaa au kondensa ikifa, cheche hudhoofika na injini inamisi. Kutafuta silinda iliyolala ni rahisi: injini ikinguruma, waya za plagi huchomolewa moja baada ya nyingine. Waya ikichomolewa na mngurumo ukabadilika, silinda hiyo ilikuwa kazini; usipobadilika, mvivu amepatikana. Fundi asiyeshika waya kwa koleo lenye mpira hupatikana pia, kwa shoti, na watazamaji hufurahi bure. Bustani ya Joubert Park, iliyotengwa mwaka 1887, ina ubao mkubwa wa sataranji na jumba la sanaa lililosanifiwa na Edwin Lutyens. Hakuna kimoja kati ya hivyo kinachokusanya washauri upesi kama boneti iliyofunguliwa. Betri ikiwa imekufa, washauri hao hao hugeuka kuwa stata. Gia ya pili, klachi chini, wanasukuma, klachi inaachiwa. Ndiyo maana wenye busara huegesha wakielekea bondeni.

Uvujaji wa oili haufai kudharauliwa pia. Humjulisha mwenyewe kwamba oili ipo, na huizuia bakkie isimtoroke. Afrika Kusini gari dogo la kawaida hulazimika kupata cheti cha ubora wa barabarani linapobadilisha mmiliki, cheti hicho hudumu siku 60, na oili inayodondoka ni miongoni mwa mambo yanayoweza kulifelisha. Mwenye gari, akipiga hesabu ya sili na gasketi zote, huamua kubaki nalo. Ndoa nyingi zimedumu kwa sababu dhaifu kuliko hiyo.

Mwisho wa yote ni boa. Silinda zikiliwa, bloku hupelekwa kukatwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida za nyongeza ya milimita 0.50, na mara ya pili 1.00. Kuta zikishakuwa nyembamba hazikatwi tena. Hapo kabureta, distributa, alternata na silinda hedi hufunguliwa na kugawiwa injini nyingine zenye kasoro zao, na bloku huuzwa kwa kilo.