Futsal, Mtoto wa Kambo wa CAF

Hongera kwa Shirikisho la Soka Afrika, CAF. Halijasahau kwamba kuna mpira unaochezwa ukumbini, watano kwa watano, kwenye sakafu ya mita 40 kwa 20. Hulikumbuka jambo hilo kila Kombe la Dunia la futsal linapobisha hodi na FIFA ikauliza: Afrika inaleta nani?

Tusilidhulumu, lakini. Mashindano ya Afrika ya wanaume yapo tangu 1996. Yale ya 2011, yaliyopangiwa Burkina Faso, yalifutwa, na Libya, bingwa wa 2008, ikastarehe na taji lake hadi 2016. Miaka minane! Hakuna ubingwa mtamu kama ule ambao hakuna anayekuja kuudai.

Baada ya hapo mambo yakarahisishwa. Morocco ilitwaa kombe 2016, 2020 na 2024, na mara mbili hizo za mwisho ilikuwa ndiyo mwenyeji rasmi.

Wanawake nao walikumbukwa Aprili 2025, miaka 29 baada ya kaka zao. Mji? Rabat. Bingwa? Na wewe nawe, maswali gani hayo! Ila Tanzania iliwatoa wenyeji jasho kwenye fainali, ikalala 3-2 na bado ikakata tiketi ya Kombe la Dunia nchini Ufilipino.

Mabinti wamefanya yao. Wakubwa, huko Cairo na hapa nyumbani, nao wajenge kumbi na waanzishe ligi kwanza, ndipo waje kupiga picha na wachezaji.