Mkate wa Jana Uliotoka Tanurini Leo

Programu huria ni mali ya wote. Unaichukua bure, unausoma msimbo wake mstari kwa mstari, usichokipenda unakibadilisha, na hakuna wa kukuuliza. Uhuru huo unalevya. Ofisi nyingi hapa Dar es Salaam zimelewa tayari, na bili ya ulevi huo huletwa siku toleo jipya linapotoka.

Maana wenye programu hawajui ulichobadilisha kwako. Wao wanaendelea na shina, wewe umekaa kwenye tawi lako. Shina likisonga mbele, tawi halijisogezi. Lazima mtu akae chini, achukue kila kiraka cha zamani, akishone upya kwenye toleo jipya, huku akimwomba Mungu mistari isigongane. Katika kampuni ninayoifanyia kazi, inayooka mikate na kuisambaza kabla jua halijachomoza, mtu huyo ni mimi. Tuko wawili, lakini mwenzangu ana kipaji cha kuanzisha mambo, na mimi nina bahati ya kuwepo yanapohitaji kumalizwa.

Programu yetu ya stoo na usambazaji iliandikwa Ulaya, na Uzungu wake unaonekana sehemu mbili. Kwanza, kwenye risiti: safu ya bei ni nyembamba, shilingi zetu zina masifuri mengi, kwa hiyo sifuri ya mwisho inakatwa. Mteja wa laki moja na ishirini anapata risiti ya elfu kumi na mbili, na si kila mteja ana moyo wa kurudi kuuliza. Pili, kwenye saa. Programu inaanza kuhesabu usiku wa manane. Madereva wetu wanaanza kuhesabu alfajiri, kama walivyofundishwa na mama zao.

Matokeo yake ni haya. Karatasi ya safari ikisema 10:00, dereva anafika hotelini saa kumi alfajiri, anagonga geti, anaamsha mlinzi, mlinzi anaamsha mbwa. Ikisema 4:00, anafika shuleni saa nne asubuhi, chai imeshanywewa kavu na wanafunzi wako kwenye somo la hesabu. Siku bosi alipomfokea dereva wetu mkongwe kwa kuchelewesha mikate ya shule, mzee alitoa karatasi mfukoni, akainyoosha taratibu.

“Bosi, soma mwenyewe. Saa nne. Nimewahi kwa dakika tano.”

Mwenzangu akasema hilo ni jambo la jioni moja. Na kweli lilikuwa la jioni moja, kwa sababu hakugusa msimbo hata herufi. Alikwenda kwenye mipangilio ya seva akabadilisha mji. Dar es Salaam iko saa tatu mbele ya majira ya kimataifa. Buenos Aires iko saa tatu nyuma. Tofauti ni saa sita kamili, na siku hizi Argentina haisogezi saa zake kiangazi na kipupwe kama wafanyavyo Ulaya. Ukiiaminisha mashine kwamba iko Buenos Aires, basi hapa ikiwa saa mbili asubuhi, yenyewe inaandika 2:00. Ikiwa saa saba mchana, inaandika 7:00. Kimwili seva ilibaki kwenye kabati lake nyuma ya stoo ya unga. Kiakili ilikuwa imehamia Argentina.

Madereva walishangilia. Aliyefuata kuja ofisini kwetu hakushangilia.

Alikuwa Mama wa uhasibu, amebeba faili kwa mikono miwili. Ndugu msomaji, hapa ikigonga usiku wa manane, Buenos Aires bado ni jioni ya jana. Kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, seva yetu ilikuwa inaishi jana, na huo ndio muda ambao kiwanda cha mikate kinafanya karibu kazi yake yote. Mkate uliotoka tanurini dakika ileile, unaounguza vidole, kwenye ankara ulikuwa wa jana. Mwenye duka mmoja aliushika, akaguna kwa moto, akaiangalia karatasi, akaurudisha. “Sinunui mkate uliolala.” Kidole chake na karatasi vilipingana, akaamini karatasi.

Mama alitua faili mezani kwa mwenzangu.

“Mwanangu, mimi nafunga hesabu za Tanzania. Hizi za Argentina nimpelekee nani?”

Seva ikarudishwa nyumbani, na safari hii kiraka cha kweli kikaandikwa: ndani kabisa programu ihesabu saa inavyotaka, ila inapoichapa mbele ya macho ya dereva, iigeuze. Mistari kama ishirini, safi, inafanya kazi. Hapo ndipo tulipopata rasmi tawi letu wenyewe, na mateso yake.

Chombo cha kutunzia matawi ni Git. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo huria wa Linux, alianza kuiandika Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kunyang'anywa ruhusa ya kutumia bure programu ya BitKeeper waliyotunzia matawi yao. Aliiunda kwa ajili ya kazi hii hasa: maelfu ya watu, kila mmoja na tawi lake, wote wakihariri mafaili yaleyale. Watu huilaumu kwa migongano, lakini Git haigombanishi mtu. Inakuonyesha tu kwamba mmeshagombana. Inaweka mishale saba, inaandika mistari ya upande mmoja, inachora mstari wa alama za usawa, inaandika ya upande wa pili, inafunga kwa mishale mingine saba, kisha inawaacha mpatane wenyewe.

Unaweza pia kuiamuru ichague upande mmoja bila kusoma: chetu au chao. Sasa sikiliza ujanja wake. Ukiwa unaunganisha matawi kwa njia ya kawaida, chetu ni chetu. Lakini ukiwa unahamisha viraka vyako juu ya shina jipya, kazi iitwayo ribesi, Git inajiona imesimama kwenye shina na wewe ndiye mgeni. Kwa hiyo chetu ni chao, na chao ni chetu. Imeandikwa wazi kwenye maelekezo, na mwenzangu si mtu wa maelekezo, ni mzalendo. Toleo jipya lilipokuja alichagua chetu kila mahali, mwanzo hadi mwisho, kwa fahari. Kiraka chetu kikafutika chote bila kelele.

Alfajiri iliyofuata nilipigiwa simu. Mikate ya shule haijafika. Saa nne kamili dereva mkongwe alishusha kreti zake pale getini, akampigia bosi kumpa taarifa.

“Bosi, nimewahi tena.”

Kiraka tulikifufua, maana Git huweka kumbukumbu ya kila ulipopita hata ukidhani umejifuta. Lakini hali ilikuwa wazi. Mistari ishirini ilikuwa inatugharimu siku nzima kila toleo, na matoleo hayaishi. Nikaenda kwa bosi kuomba ruhusa ya kuwapa wenye programu kiraka chetu kiingie kwenye shina, wakibebe wao. Bosi alikuwa kwenye simu na muuza ngano. Akanipungia mkono. Nikaupokea mkono huo kama ndiyo.

Kupeleka kiraka kwenye mradi mkubwa ni kupeleka posa. Huendi tu na kusema umempenda binti. Unapeleka barua yenye lugha ya adabu, inapokelewa na mtu ambaye si baba, naye anaipeleka kwa mtu mwingine ambaye pia si baba. Wanauliza ukoo: kwenye Linux, tangu 2004, kila kiraka lazima kiwe na mstari wa sahihi, mtu athibitishe kwamba ana haki ya kukitoa na hakukiiba kwa mwajiri. Kisha wanakaa kimya. Ukiuliza mapema, huna subira. Usipouliza, hukuwa na nia.

Barua yetu ya kwanza ilirudi siku hiyohiyo. Kihariri cha mwenzangu kilikuwa kimegeuza, bila kuambiwa, nafasi zote za mwanzo wa mistari katika faili zima. Sisi tulituma mistari ishirini. Msimamizi aliona faili zima limefutwa na kuandikwa upya. Mposaji amekuja na barua nzuri, lakini ameingia kwa kubomoa ukuta wa sebule.

Barua ya pili ilikuwa safi. Jibu lilikuja kwa upole mkubwa: inaonekana saa ya seva yenu imekosea kwa saa sita, tafadhali wekeni mji sahihi kwenye mipangilio. Mwenzangu alinyanyuka akatoka nje kupunga hewa.

Nilieleza kwa kirefu. Kwamba huku karibu na ikweta jua linachomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo mchana una saa kumi na mbili na usiku una zake kumi na mbili, na hakuna sababu ya mtu mwenye akili kuanza kuhesabu siku akiwa amelala. Wakajibu kwamba wameelewa, ila mradi hauwezi kubeba desturi ya kampuni moja. Kampuni moja! Ndipo akajitokeza mtu wa Addis Ababa, ambaye hatujawahi kumwona, akaandika kwa ufupi: Ethiopia nzima tunahesabu hivyo, na mimi nina kiraka changu mwenyewe ninachokihamisha kila toleo. Kumbe tulikuwa watu wawili, nchi mbili, tunabeba gunia lilelile kwa njia mbili, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Posa ikapata mshenga. Hata hivyo masharti yakaongezeka: kiraka kigawanywe vipande vitatu, kiwe na majaribio, kisitaje Kiswahili, kiitwe tu hesabu ya kuanzia alfajiri, ili wa Addis Ababa naye apate nafasi. Mwenzangu akachoka.

“Kaka, tuachane nao. Tubaki na chetu.”

Nikamsimulia ya Debian, mradi unaosambaza Linux pamoja na programu zake. Mwaka 2006 msimamizi wao wa OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano kwa funguo za siri, aliona chombo cha ukaguzi kinalalamikia mistari fulani ya msimbo. Aliuliza upande wa OpenSSL, akajibiwa kijuujuu, akaiondoa mistari hiyo kwenye tawi la Debian. Kiraka chenyewe hakikuingia kwenye shina. Kumbe mistari ile ndiyo iliyokuwa inachanganya bahati nasibu ya kutengenezea funguo za siri. Kilichobaki ni namba ya mchakato wa programu, ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Hadi kasoro hiyo ilipogunduliwa Mei 2008, mashine za Debian na za Ubuntu, mfumo unaotokana na Debian, zilikuwa zinatoa funguo ambazo mwizi mwenye subira angeweza kuzitengeneza zote nyumbani kwake na kuzijaribu moja moja. Wale wanaotuudhi kwa maswali ndio macho ambayo kiraka kile kilikosa.

“Sawa,” akasema, “lakini tutangoja mpaka lini?”

Nikamsimulia ya pili. Viraka vya kuifanya Linux iitike bila kuchelewa, vinavyotakiwa na roboti na mitambo ya viwanda, vilianza kushonwa mnamo 2004. Viliingia kwenye shina kipande kwa kipande, mwaka baada ya mwaka, na miongoni mwa vikwazo vya mwisho kilikuwemo kile kipande cha kuchapa ujumbe tu kwenye skrini. Septemba 2024, mjini Vienna, Thomas Gleixner, kiongozi wa kazi hiyo, alimkabidhi Torvalds ombi la mwisho mkononi, limechapwa kwenye karatasi na kufungwa kama zawadi kwa karatasi ya rangi ya dhahabu. Miaka ishirini ya uchumba, na mahari juu.

Mwenzangu alivigawa vipande vitatu jioni hiyohiyo.

Kiraka kilipokelewa. Toleo lililofuata lilipotoka, tulilipakia na hakuna kilichogongana, maana hatukuwa na cha kuhamisha. Madereva walifika saa ile iliyoandikwa. Mkate wa leo ukabaki wa leo. Nikampelekea bosi habari njema, nikitegemea pongezi. Safari hii hakuwa kwenye simu.

“Ngoja. Hii saa yetu sasa anayo kila mtu?”

“Kila mtu, bosi.”

“Hata yule mwenye tanuri ng'ambo ya barabara?”

“Hata yeye. Anatumia programu ileile.”

“Tumemlipia mshahara fundi wa kumtengenezea saa?”

“Ndiyo, bosi. Ila na yeye akirekebisha kitu akakipeleka kwenye shina, kinakuja kwetu bure.”

Bosi alinyamaza, akatazama dirishani, ng'ambo ya barabara, kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona likielekezwa huko: jicho la mwajiri.

“Na risiti zake nazo zinakata sifuri?”

“Lazima zikate.”

“Basi usiiguse ile sifuri. Mwache aanze yeye.”