Shukuru Wawili, Mtaa Mmoja

Nilipokwenda kuposa, wakwe zangu walitaka kujua ukoo, kazi na kanisa, basi. Kituo cha kuokoa wanyama nje ya Arusha hakikuridhika kirahisi hivyo. Uzio wangu una urefu gani? Mvua ikinyesha mbwa atalala wapi? Nikisafiri nani atamlisha? Nitamfunga mnyororo? Hilo la mwisho dada wa pale aliliuliza mara mbili, na nilipomwona mbwa mwenyewe nikaelewa. Shingoni alikuwa na kovu la mviringo, pale mnyororo wa bwana wake wa zamani ulipozama nyamani. Manyoya ndiyo kwanza yalikuwa yanarudi baada ya upele. Alikuwa ameshahasiwa na kuchanjwa, na faili lake lilikuwa nene kuliko langu la hospitali.

Jina lake Shukuru. Ameshalizoea, wakasema, nisilibadilishe.

Konda wa daladala aliuliza kama abiria wangu analipia kiti au anapakatwa, kisha akagonga bodi, gari likaondoka. Bajaji ilikubali kwa nauli ya watu watatu. Shukuru akatapika, dereva akadai ya wanne.

Nilimchukua awe mlinzi. Jogoo wa jirani aliingia uani, akala ugali na dagaa wa mlinzi mpaka akashiba, mwenye chakula akichungulia kutoka nyuma ya pipa la maji. Ila kilichomtisha kupita vyote ni ufagio. Mtu akiushika tu, Shukuru anajikojolea. Huko alikotoka haukuwa wa kufagilia. Wanangu, ambao zamu ya uwanja haijawahi kuwafurahisha, wakageuka watetezi wa wanyama usiku mmoja. "Mama, tukifagia tutamtesa." Majani yakajaa mpaka mlangoni. Mama yao akakata shauri: mmoja afagie, mwingine akae na Shukuru mbali kidogo akimpa vipande vya pafu. Polepole wakasogea. Siku hizi analala ufagio ukipita karibu na mkia, na watoto wamebaki bila kisingizio.

Jina, hata hivyo, halikuwa na dawa. Jirani yetu ana kijana wa darasa la tatu, naye ni Shukuru. Mtaa mzima ukawa unanisikia alfajiri: "Shukuru, toka jalalani! Shukuru, acha kulamba sufuria!" Mama Shukuru akaja, kanga imekazwa kiunoni.

"Baba Neema, mwanangu akikukosea niambie mimi. Usimtangaze."

Nikamwonyesha mwenye jina. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akaondoka bila kuaga. Mwanawe ndiye aliyefurahi. Nikiita chakula wanakuja wawili, na anayetangulia si wa miguu minne.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa, kwa sababu kinga yake hupungua, na dalili za ugonjwa ule zikishaonekana, awe mbwa au mtu, kupona ni nadra mno. Basi daktari wa mifugo alipokuja mtaani kuchanja, akasoma kadi kwa sauti: "Shukuru, sindano!" Mmoja aliruka uzio. Mwingine alikaa chini akatoa mguu.

Wewe unayetafuta mbwa, pita kituoni kwanza. Wapo wengi wanaosubiri. Nenda na kamba na nauli ya watu wanne. Na kabla hujatia saini, uliza jina lake, kisha rudi mtaani ukaulize majina ya watoto wa jirani.